Kipindi kimoja cha bahari, masomo ya wiki nzima: kusomesha watoto nyumbani kwa tivii

Likizo ya Agosti yaja, kusi yavuma bado, bahari imechafuka na watoto watashinda ndani na tivii. Wazazi wengi huku Lamu twafanya moja kati ya mawili, ama twaizima kabisa na kutwa ni kuvutana nao, ama twawaacha waangalie wanachotaka manake na sisi tuna kazi zetu. Kuna njia nyingine ambayo mimi naiona bora kuliko zote mbili: chukua mfululizo mmoja mzuri wa tivii, humo chagua kipindi kimoja tu, ukae nacho wiki nzima mpaka kitoke kwenye skrini kiingie jikoni, kwenye kuta za nyumba na ufuoni. Humo humo mtoto apata sayansi, hisabati, Kiswahili, Kiingereza, masomo ya jamii, sanaa na hata dini, na si lazima umwambie kaa chini tusome.

Mfululizo gani?

Mimi natumia Blue Planet II ya BBC, ilotoka mwaka 2017, vipindi 7, kila kimoja kama saa moja, msimulizi ni David Attenborough. Nimeichagua kwa sababu ni ya bahari, na mtoto wa Lamu au wa Malindi bahari aijua tangu hajaanza shule. Akimuona kolekole kwenye tivii si mnyama wa mbali huyo, ni samaki aliyemuona jana sokoni kwa hivyo ana la kusema, atauliza mbona huyu mkubwa hivi, atakwambia sisi kwetu hawafanyi hivyo, na mtoto akishaanza kubishana na tivii ujue kichwa chafanya kazi. Ukimuanzishia na vitu vya barafuni ataangalia kwa mshangao, sawa, lakini atanyamaza.

Ikiwa huna huo tafuta mwengine, la muhimu uwe wa mambo ya kweli na kila kipindi kiwe chajitegemea, usije ukakwama kwa sababu hukuona kile cha wiki ilopita. Katuni za hadithi ndefu ndefu hazifai kwa kazi hii, watoto watataka tu kujua nini kitatokea mbele.

Na usijali kama huna bando la kuangalia kipindi kizima. BBC Earth wana chaneli yao YouTube yenye vipande vifupi vya dakika tatu nne, daunlodi usiku bando likiwa rahisi, au pale kwa jirani mwenye waifai ukienda kubarizi, na kipande kimoja cha dakika nne chatosha siku tano kabisa. Simu pia yatosha, ila watoto wakiwa watatu wanne kwenye simu moja watasukumana, kama kuna laptopu ya kuazima azima.

Kabla ya watoto kuona

Angalia wewe kwanza, peke yako, na daftari mkononi. Andika dakika ambayo tukio unalolitaka laanza na dakika laisha, manake kuanza kutafuta mbele ya watoto ni kuwapoteza. Pia kuna sehemu za kuwindana, mnyama aliwa, mama apoteza mtoto, na mtoto wa miaka minne mitano aweza kulia usiku. Sisemi uzirushe zote, kwetu samaki hukatwa mbele ya watoto kila siku, ila ujue yaja nini ili uwe umekaa karibu.

Halafu usiku baada ya isha, chuo cha Kurani kimeisha, wameshakula, mwangalie wote kipindi chote bila ya swali hata moja. Hili nalisisitiza sana. Mzazi akishaanza kusimamisha kila dakika mbili kuuliza "umeelewa nini hapo?" basi imekuwa darasa na utamu umekwisha. Waache wapige kelele, wacheke, waulize wenyewe. Wewe andika maswali yao tu. Kesho asubuhi ndo kazi yaanza, na yaanzia kwenye tukio lile walolipigia kelele zaidi, si lile ulilolipenda wewe.

Mfano mzima: kolekole anayedaka ndege

Kwenye kipindi cha kwanza kuna kolekole wakubwa kule Ushelisheli, wako chini ya maji wawafuata ndege wa baharini wanaoruka juu, halafu kolekole mmoja achomoka majini amdaka ndege hewani. Ni sekunde chache lakini sijaona mtoto anayenyamaza hapo. Nitaeleza hili moja kwa kirefu, ukishaona linavyokwenda mengine utayafanya mwenyewe.

Anza na Kiswahili. Zima sauti, rudisha tukio mwanzo, mpe mtoto kijiko iwe ndiyo maiki, atangaze anavyosikia mpira ukitangazwa redioni. Mara ya kwanza atasema "samaki anaenda, anaenda, ameruka, amekula", basi. Usimcheke, usimsahihishe, muulize tu: anaenda vipi? Polepole au mbio? Kwa siri au waziwazi? Mwambie arudie. Hapo ndo utasikia ananyemelea, anamvizia, anachomoka, anamnyaka, na kama bibi yao yuko karibu atawaongezea maneno ya Kiamu ambayo wewe mwenyewe ulikuwa umeyasahau. Rekodi kwa simu. Akijisikia mwenyewe atataka kurudia bila ya kuambiwa, na yule mkubwa wa Gredi ya 6 au 7 muambie aandike alichotangaza kiwe insha ya ukurasa mmoja, hapo ana kitu cha kuandika, hakai na kalamu mdomoni.

Kisha fungua sauti wasikilize msimulizi alivyosema kwa Kiingereza. Chukueni maneno matano tu, si zaidi, wayaandike, wayatumie siku hiyo hiyo kwa sentensi za nyumbani. Ukiwapa ishirini hawatabaki na hata moja.

Sayansi yake yataka bakuli, sarafu na maji. Weka sarafu katikati ya bakuli lisiloonyesha ndani, mwambie mtoto arudi nyuma taratibu mpaka ukingo wa bakuli umfiche ile sarafu, asimame hapo hapo asisogee, wewe umimine maji polepole. Sarafu yatokea! Haikusogea, mtoto hakusogea, lakini sasa aiona. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani wapinda, kwa hivyo kitu kilicho majini hukioni pale hasa kilipo, wakiona juu zaidi. Sasa rudini kwa kolekole: yeye yuko chini, ndege yuko juu, na yeye pia hamuoni ndege pale hasa alipo, na bado amdaka. Waache wabishane amejuaje. Halafu watume kwa ami au jirani anayevua kwa mkuki wakamuulize alenga wapi akimuona samaki kwenye maji madogo. Atawaambia alenga chini kidogo ya pale anapomuona. Kitabu cha shule kitawaambia jambo hilo hilo siku moja, lakini watakuwa washalisikia kwa mtu anayelitumia kupata chakula chake.

Hisabati nendeni sokoni. Si lazima ununue kolekole mzima, bei yake mwaijua, chukua samaki yoyote ambaye ungemnunua kwa chakula cha mchana. Mtoto ampime kwa tepu ya cherehani kutoka mdomo hadi mkia, apige bei mwenyewe, ahesabu chenji. Nyumbani mpimeni uzito kabla ya kuparwa na baada. Tuseme alikuwa kilo 2, baada ya kutoa magamba na matumbo amebaki kilo 1.6, basi zimetoka gramu 400, ambazo ni sehemu moja ya tano, yaani asilimia 20. Na kama kilo moja ulinunua kwa bei fulani, kilo moja ya kuliwa imekugharimu ngapi kwa kweli? Swali hilo hata watu wazima wengi hawajajiuliza.

Kuna hesabu nyingine nzuri ya watengenezaji wenyewe. Walipiga picha kwa miaka 4, safari 125, nchi 39, na masaa zaidi ya 6,000 chini ya maji. Gawanya 6,000 kwa 24, wapata siku 250 za usiku na mchana. Gawanya kwa vipindi 7, kila kipindi karibu masaa 857 majini ili wewe uone saa moja. Mtoto akishaifanya hesabu hiyo kwa mkono wake ataanza kuheshimu kazi ya watu, na huo ndo wakati wa kumuuliza: wewe ukitaka kupiga picha paka wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu akiiba samaki, utakaa masaa mangapi? Wape simu, wakae, wajaribu. Hiyo ni sanaa na pia ni subira.

Ramani: tafuta Ushelisheli, ni bahari yetu hii hii, upande wa mashariki. Uzi mmoja, ushike kutoka Lamu hadi kisiwa cha Mahé, upime kwa kipimo cha ramani, watapata zaidi ya kilomita 1,600. Saa yao iko mbele yetu kwa saa moja. Muulize mtoto, Ramadhani watafuturu kabla yetu au baada yetu? Usimpe jibu, mpe chungwa na tochi azungushe mpaka aone mwenyewe.

Pweza, na jiko lako ndiyo maabara

Kile kipindi cha majani na mimea ya bahari, ndani yake kuna pweza wa Afrika Kusini ajifunika magamba ya kombe mwili mzima ili papa asimuone. Watoto wataka kuliona mara kumi, na ni bahati kubwa kwa sababu pweza yuko sokoni kwetu.

Siku unayopika pweza usimkate mapema. Muweke kwenye sinia na uwaite. Wahesabu mikono, minane, waguse vile vikombe vidogo vidogo vya kwenye mikono wahisi vinavyonata hata akiwa amekufa, wageuze waangalie katikati kule mikono inapokutana, pale ndo pana mdomo wake mgumu mweusi uliopinda, ndicho kitu kigumu pekee mwilini mwake, hana mfupa. Muulize mtoto: kama hana mfupa aweza kupita tundu kubwa kiasi gani? Jibu ni kwamba popote panapopita ule mdomo naye apita. Ana mioyo mitatu na damu yake ni ya buluu manake ina shaba badala ya chuma tulichonacho sisi. Fuko la wino likiwa bado zima litoeni taratibu, mtoto achore nalo kwa kijiti kwenye karatasi, picha ya pweza kwa wino wa pweza, ibandike ukutani. Kisha mpike mle, na nazi.

Ukuta wa nyumba yako

Kwenye kipindi cha matumbawe waonyesha jinsi bahari ikipata joto matumbawe yapauka, yawa meupe, na yakikaa hivyo muda mrefu yafa. Wametumia Australia, lakini pwani yetu iliyapata hayo mwaka 1998, mwaka wa El Niño, matumbawe mengi ya Kenya yalikufa. Mtoto wa gredi za juu aweza kukaa na mzee mvuvi na kumhoji. Mfundishe kuhoji kwa adabu, aende saa ambayo mzee amepumzika barazani, atoe salamu, ajulishe yeye ni mtoto wa nani, kisha aulize maswali mafupi: babu, zamani tewa mkubwa mlimpata umbali gani na sasa mwaenda wapi? Samaki gani ulimuona ulipokuwa kijana na sasa humuoni? Mwaka gani uliona mawe meupe chini? Asimkatize. Akirudi aandike, na hiyo ni historia, sayansi na Kiswahili kwa mkupuo mmoja, hakuna kitabu kitakachomletea.

Walio Malindi wana jambo jengine la kuona kwa macho. Mto Sabaki ukishuka na mvua bahari yageuka rangi ya udongo hadi mbali. Chukueni glasi mbili, moja maji safi, nyengine maji yenye kijiko cha udongo uliokorogwa, pigeni tochi upande mmoja mwangalie mwanga watokaje upande wa pili. Tumbawe lahitaji mwanga, manake ndani yake mwaishi vijimea vidogo vidogo vinavyolilisha. Sasa watajua kwa nini udongo wa shamba la mbali kule juu ni habari ya samaki wa Malindi. Hifadhi ya bahari ya pale ni ya tangu 1968, na ya Watamu pia, wapelekeni kama mwaweza, na muwaambie kabla hawajaingia majini wasisimame juu ya tumbawe na wasivunje kitu.

Walio Lamu wana ukuta. Mji wetu huu ulowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 umejengwa kwa mawe ya matumbawe, kwa hivyo tafuta sehemu ambapo chokaa imebanduka, mara nyingi ni chini karibu na mlango au uani, mtoto aweke jicho karibu kabisa. Ataona vijitundu vya nyota nyota vimejipanga, na kila kitundu palikuwa na mdudu wake hai siku hizo. Aweke karatasi juu asugue na penseli, umbo lote litatoka. Kisha ainue macho aangalie boriti za dari, zile ni mikoko. Pimeni upana wa chumba cha nyumba ya zamani, mtakuta ni chini ya mita 3, na urefu umekwenda zaidi ya hapo mara mbili au hata zaidi. Kwa nini? Kwa sababu boriti ya mkoko haitoshi kuvuka zaidi ya hapo bila ya kupinda. Kumbe mti ndo uliowachorea wazee nyumba! Mtoto anayesoma mambo ya ufundi Gredi ya 7 mpe kazi achore ramani ya chumba hicho kwa kipimo.

Na chokaa pia yatokana na matumbawe yalochomwa. Chukua kipande cha gamba la kombe kilichookotwa ufuoni, weka kwenye kikombe cha siki au ndimu kali, subirini, mtaona mapovu yapanda. Hiyo ni hewa ya kaboni dioksidi yatoka kwenye gamba, na ganda la yai lafanya vivyo hivyo kama huna kombe.

Nyasi za chini, mikoko, na maji kupwa

Kipindi kile kile cha pweza kina kasa wanaokula nyasi za bahari na papa wakubwa wanaowazunguka. Papa akiwepo kasa hatulii sehemu moja, kwa hivyo nyasi hazimalizwi. Watoto huona papa ni mbaya tu, hapa ndo waelewa. Wachezeni: mmoja awe papa, mmoja kasa, mmoja nyasi, mmoja tafi, mmoja mvuvi, wote washike kamba moja iliyonyooka, kisha papa aachie. Nani amehisi kamba imelegea? Wataka kurudia kila mmoja aachie kwa zamu yake.

Kaunti ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na hapo kuna hesabu ya zamani tamu sana. Miti ya mikoko huuzwa kwa korija, korija moja ni 20. Fundi ataka boriti 70, ni korija ngapi na zabaki ngapi? Ukimpeleka mtoto kwa muuza miti aulize bei ya korija ya fito, ya pau na ya boriti, arudi atengeneze jedwali lake mwenyewe. Kule kijiji cha Matondoni pia wapeleke waone jahazi latengenezwaje, mbao zipi za mbavu.

Safari ya mikokoni yataka kujua maji. Hapa mfundishe kalenda ya maji kwa mwezi wa Kiislamu: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye ni bamvua, maji yajaa sana na yapwa sana. Tarehe saba nane na ishirini na mbili tatu ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Na kila siku maji yachelewa kwa wastani wa dakika 50. Leo yamejaa saa 4 asubuhi, keshokutwa yatajaa saa ngapi? Atajibu saa 5 na dakika 40, kisha mkahakikishe kwenye ngazi za bandarini. Chora grafu ya wiki mbili, kijiti kilichotiwa alama za sentimita chatosha. Nendeni mikokoni maji yakipwa, mapema, na mtu mzima anayepajua, viatu miguuni, na mrudi kabla ya maji kuanza kuingia. Hapo sitaki mtu afanye mzaha. Walio upande wa Malindi, hori ya Mida ni pazuri kwa safari hii.

Dini nayo imo. Suratun Nahl aya ya 14 yataja bahari, nyama yake laini, mapambo yatokayo humo na majahazi yanayopasua maji. Mwache mtoto aisome, ustadhi amueleze tafsiri yake, kisha aorodheshe alivyoviona kwenye kipindi vinavyoingia humo.

Kilindini kule pana giza

Hiki ni kipindi cha pili, nitakipitia haraka. Chupa ya plastiki, toboa matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja chini, ziba kwa mkanda, jaza maji, bandua mkanda mara moja. La chini ndilo latoa maji kwa nguvu zaidi, kwa sababu maji ya juu yalibana. Kila mita 10 ukishuka baharini waongezewa mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Watengenezaji walishuka na nyambizi mita 1,000 kwenye bahari ya Antaktika, basi mtoto ahesabu. Kisha mwambie Shimo la Mariana lina karibu mita 11,000. Mlima Kenya ni mita 5,199. Aweke Mlima Kenya juu ya Mlima Kenya, apate 10,398, na bado kilele hakijatokeza majini. Hapo utaona macho yao.

Watoto wa umri mbali mbali

Nyumba zetu zina watoto wengi, wako na binamu zao, na huwezi kufanya masomo manne tofauti. Tukio liwe moja, kazi iwe tofauti. Wa miaka minne mitano achora na kuhesabu mikono ya pweza. Wa Gredi ya 3 aandika majina ya samaki na sentensi tatu. Wa Gredi ya 5 apima na kuchora grafu. Wa Gredi ya 8 afanya mahojiano na ndiye anayemsaidia mdogo kusoma, na kwa kumfunza mdogo yeye ndiye anayeshika zaidi. Kila mtoto awe na daftari moja la wiki, picha, hesabu, uzi wa ramani umegundishwa humo humo, usiligawanye kwa masomo. Shule ikifunguliwa mwalimu akiliona atajua pa kuliweka, mambo ya projekti ndo wanayotaka siku hizi.

Saa moja na nusu kwa siku yatosha, na tivii ndani yake ni dakika kumi. Siku moja wakikataa waache, wakacheze. Na swali usilolijua liandike kwenye karatasi kubwa ukutani na jina la mtu wa kuulizwa mbele yake: mvuvi, fundi wa jahazi, muuguzi, bibi, ustadhi, mwalimu wa sayansi. Mtoto ndiye aende akaulize.

Kipindi cha mwisho kiwekeni wiki ya mwisho

Kile cha saba ni cha uharibifu, plastiki na joto, na watoto wengine wakikiona peke yake huingiwa na huzuni, kwa hivyo kiwe cha mwisho na kiwe na kazi ya mikono papo hapo. Waambieni mwaka ule ule kilipotoka, 2017 mwezi wa Agosti, ndipo Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwaka uliofuata hapa hapa Lamu fundi Ali Skanda na wenzake waliteremsha majini jahazi la Flipflopi, lilotengenezwa kwa tani 10 za plastiki na kufunikwa ndara za rangi rangi 30,000, na 2019 likaenda Zanzibar. Mtoto ataka kujua ndara zilishikanishwaje, basi mpe mbili zilizokatika ajaribu.

Kazi yenyewe ni hii. Chagueni mita 50 za ufuo, ya Shela au karibu na kwenu, pimeni kwa kamba. Vaeni glavu au mifuko mikononi, okoteni kila plastiki, msiguse sindano wala vioo, mtu mzima ashughulikie. Nyumbani mgawe mafungu: vizibo, chupa, ndara, kamba za nyavu, vipande visivyojulikana. Hesabuni kila fungu, mpime uzito, mchore grafu ya nguzo kwa rangi za vizibo vyenyewe, vizibandike karatasini viwe ndiyo nguzo. Yule mkubwa aandike barua ya ukurasa mmoja kwa mzee wa mtaa, tarehe, mahali, hesabu na ombi moja tu, lisizidi moja, kwa mfano pipa la taka pale watu wanaposhukia maboti. Aipeleke mwenyewe pamoja na grafu, mfuate nyuma.